Mfinyanzi na Udongo: Je, Chungu Hakina Neno?

Jioni moja muhula huu, baada ya masomo ya usiku, tulikuwa bwenini tukitandika vitanda. Mmoja wetu alimtania mwenzetu wa Kidato cha Nne kwa sababu ya meno yake. Meno hayo yana rangi ya kahawia, kama ya watu wengi waliozaliwa na kukulia chini ya Mlima Meru. Mwenzetu hakukasirika. Alijibu kwa upole tu kwamba chungu hakimwulizi mfinyanzi kwa nini amekifanya hivi. Sote tukanyamaza, maana tulijua kwamba jibu lile limetoka katika Biblia, na nani kati yetu atabishana na Biblia?

Taa zilipokwisha kuzimwa, aliniambia neno jingine. Anaye mdogo wake wa kike mwenye umri wa miaka mitano. Mtoto huyo anakunywa maji yale yale ya mto aliyokunywa yeye, na nyumbani kwao husema vile vile, kwamba Mungu ndiye anayefinyanga na mwanadamu hana la kusema. Mwenzangu ameniruhusu kuyaandika haya, mradi nisitaje jina lake.

Tangu usiku ule nimejiuliza maana hasa ya mfano huu wa mfinyanzi na udongo. Nimezisoma sura zinazoutaja, nimemsumbua mwalimu wetu wa Maarifa ya Biblia kwa maswali, na wakati wa likizo nilikaa siku nyingi karibu na bibi yangu, mzaa mama, ambaye ni mfinyanzi katika milima ya Upare. Niliyoyapata nataka kuyaeleza hapa. Wenzangu Waislamu wasione kwamba makala hii si yao, maana nao husoma katika Kurani kwamba mtu aliumbwa kwa udongo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Sisi tunaosema Kiswahili humwita Mungu Muumba, na mara chache twakumbuka neno hilo limetoka wapi. Katika lugha nyingi za Kibantu, asili ya neno kuumba ni kufinyanga vyombo vya udongo. Waganda husema “okubumba,” maana yake kufinyanga, na mfinyanzi humwita “omubumbi.” Wanyarwanda nao husema “kubumba,” na udongo wa mfinyanzi huuita “ibumba.” Kwa hiyo mababu zetu walipotafuta neno la kueleza kazi ya Mungu, walilichukua katika kazi ya mikono, ambayo mahali pengi ilikuwa kazi ya akina mama. Waebrania nao walifanya hivyo. Neno lao la mfinyanzi latokana na kitendo kile kile kilichotumika katika Mwanzo sura ya 2, pale Mungu alipomfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi.

Sasa nieleze kazi ya mfinyanzi, kwa kuwa asiyeijua hawezi kuuelewa mfano. Bibi yangu huchimba udongo mbali na nyumbani, huubeba kichwani, huuanika, huutwanga, kisha huchambua mawe na mizizi. Baada ya hapo huuloweka na kuukanda mpaka ulainike. Hana gurudumu kama wafinyanzi wa Yerusalemu, ambao chombo chao cha kazi huitwa katika Kiebrania kwa neno lenye maana ya mawe mawili. Udongo hukaa palepale chini, na bibi ndiye anayeuzunguka, ameinama, akirudi nyuma hatua kwa hatua huku akiivuta kuta za chungu kwenda juu. Hukwangua kwa kipande cha kibuyu na kusugua kwa jiwe laini la mtoni. Kisha chungu hukaa kivulini siku kadhaa kikauke polepole, ndipo huchomwa kwa kuni na majani makavu.

Nilipokuwa nikimtazama siku moja, kazi ilimharibikia. Alikuwa anafinyanga mtungi wa maji, na shingo yake ikalegea, ikaangukia ndani. Bibi hakusema kitu. Aliuponda mtungi ule, akanyunyiza maji, akaukanda udongo tena, na safari hii akatoa chungu kipana cha kupikia mboga. Nikamwuliza kwa nini hakuutupa udongo ule akachukua mwingine. Akanijibu, “Mjukuu wangu, nilikwenda kuuchimba mbali.”

Siku ya kuchoma, vyungu viwili vilipasuka motoni. Hivyo havikuweza kukandwa tena, kwa sababu udongo ukisha kupita moto haurudi kuwa udongo laini. Hata hivyo bibi aliviokota vigae vyake. Huvisaga na kuvichanganya na udongo mpya, kwa kuwa chungu chenye unga wa vigae hustahimili moto vizuri zaidi.

Wasomaji wangu, nilipoifungua Yeremia sura ya 18 baada ya kuyaona hayo, niliisoma kama mtu anayesoma habari za nyumbani kwao. Nabii Yeremia alitumwa na Mungu aende nyumbani kwa mfinyanzi. Huko aliona chombo kikiharibika mkononi mwa fundi, na fundi akakifanya tena chombo kingine, kama alivyoona vema. Wengi wetu tunaposimulia habari hii huishia hapo, tukasema: basi, Mungu hufanya apendavyo. Ni kweli, lakini sura haiishii hapo. Mungu aeleza mwenyewe maana ya mfano. Akitangaza kwamba taifa litang’olewa, nalo likauacha uovu wake, atalighairi lile baya alilokusudia. Kadhalika akiahidi mema, na watu wakageukia uovu, atayaghairi yale mema. Yeremia alianza unabii wake yapata mwaka 627 kabla ya Kristo, na Yerusalemu ilitekwa na Wababeli mwaka 587 au 586. Kati ya miaka hiyo ujumbe wake kwa watu ulikuwa kwamba udongo ungali laini, na wakati wa kugeuka ungalipo.

Kwa hiyo katika sura hii mfinyanzi si mfano wa ajali iliyokwisha kuandikwa, isiyobadilika. Uwezo wa mfinyanzi waonekana katika hili, kwamba kazi iliyoharibika haimshindi. Aweza kuianza upya kwa udongo ule ule.

Hata hivyo yafaa tuseme ukweli wote. Sura inayofuata, ya 19, yasimulia chombo cha udongo kilichokwisha kuchomwa. Yeremia alikivunja mbele ya wazee, akasema kwamba hivyo ndivyo mji utakavyovunjwa, kama chombo kisichoweza kutengenezwa tena. Naona sura hizi mbili ziliwekwa pamoja kwa hekima. Ya kwanza yasema wakati upo, na ya pili yasema wakati hwisha. Mtu akizitenganisha, ataona tumaini tupu au hofu tupu.

Sasa tuje kwenye maneno yaliyotunyamazisha bwenini. Yamo katika Isaya sura ya 45 na katika Warumi sura ya 9. Katika Isaya, watu walikuwa wakiona ajabu kwamba Mungu amemchagua Koreshi, mfalme wa Uajemi, mtu wa kabila jingine, awe mkombozi wao kutoka Babeli. Koreshi aliuteka mji wa Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo. Ndipo wakaambiwa kwamba udongo haumfundishi mfinyanzi kazi yake. Maana yake ni kwamba hawawezi kumkataza Mungu asiwaokoe kwa mkono wa mgeni. Naye Paulo, aliyewaandikia Warumi yapata mwaka 57, alikuwa akijibu swali la namna hiyo hiyo: je, Mungu anayo haki ya kuwahurumia watu wa mataifa mengine pamoja na Wayahudi? Jibu lake ni kwamba mfinyanzi anayo haki juu ya udongo. Yawapasa wanaoutaja mstari huo wasome mpaka mwisho wa hoja, katika sura ya 11, ambako Paulo afikia kusema kwamba nia ya Mungu ni kuwarehemu wote. Basi, katika vitabu hivi viwili neno la kunyamazisha liliambiwa watu waliotaka huruma iwe ndogo. Halikuambiwa mtu anayelia.

Udongo unaolia umo pia katika Biblia, nao haukukatazwa. Ayubu, katika sura ya 10, amkumbusha Mungu kwamba alimfinyanga kama udongo, kisha amwuliza kama sasa atamrudisha mavumbini. Katika Isaya sura ya 64 watu wakiri kwamba wao ni udongo na Mungu ndiye mfinyanzi wao, na papo hapo wamwomba asikasirike mno, awatazame. Hapo mfano umegeuka kuwa sala. Wamwambia Mungu, kwa maneno mengine, yale aliyoniambia bibi: kazi ya mikono yako uliichimba mbali, usiitupe.

Sidai kwamba nimelimaliza jambo hili. Mabingwa wakubwa walishindana juu yake. Mwaka 1524 Erasmus wa Rotterdam aliandika kitabu juu ya hiari ya mwanadamu, na mwaka 1525 Martin Luther akamjibu kwa kitabu kingine, na wote wawili waliujadili udongo wa mfinyanzi. Erasmus alitukumbusha waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 2, unaosema kwamba katika nyumba kubwa mna vyombo vya heshima na visivyo vya heshima, na kwamba mtu akijitakasa atakuwa chombo cha heshima. Akauliza: chombo chawezaje kujitakasa kama hakina hiari? Luther alishikilia kwamba wokovu ni kazi ya neema ya Mungu peke yake. Lakini Luther huyo huyo alikubali kwamba katika mambo yaliyo chini ya mtu, kama mali na milki yake, mtu anayo hiari ya kutenda au kutotenda. Kwa maoni yangu neno hilo latufaa sana hapa Arusha, ambako Walutheri ni wengi, nami nitaonyesha kwa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa watu juu ya watu. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng’ombe. Hayo yalifuata mashauri ya tume ya Jaji Mark Wilson. Nyumba zilichomwa, na watu wakaelekezwa Kingori. Tufikiri kwamba siku ile mtu angesimama akawaambia, “Nyamazeni, udongo haumwulizi mfinyanzi.” Angekosa sana, kwa sababu angekuwa ameiweka serikali mahali pa Mungu. Katika Biblia yote mfinyanzi wa mataifa ni mmoja tu. Gavana, jaji na mlowezi ni udongo kama sisi. Wameru hawakunyamaza. Walichanga fedha, na mwaka 1952 mjumbe wao Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akaleta shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudishwa mara ile, lakini dunia ilisikia, na Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961.

Mfano wa pili ni ule wa meno, ambao ndio ulionifanya niandike. Mlima Meru, unaopita mita 4,500 kwenda juu, ni mlima wa volkano. Mawe na majivu yake yana madini yaitwayo floraidi, na maji ya chemchemi na mito yanapopita humo huyayeyusha na kuyachukua. Floraidi kidogo huimarisha meno, lakini ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani lashauri isipite miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, na baadhi ya vyanzo vya maji chini ya mlima huu hukizidi kiwango hicho mara kadhaa. Magadi yanayotiwa katika chakula nayo huweza kuongeza. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huumia.

Yafaa kila mzazi ajue jambo hili: meno ya ukubwani huumbwa ndani ya ufizi wakati mtoto angali mdogo, hasa kabla hajatimiza miaka minane. Floraidi huyaharibu wakati huo yanapotengenezwa. Jino likisha kukamilika na kutoka, maji safi hayawezi kuifuta rangi yake. Mwenzetu wa bwenini amekwisha kupita motoni, tuseme hivyo. Lakini mdogo wake wa miaka mitano angali udongo laini, na mengi ya meno yake ya ukubwani yangali yakifinyangwa.

Tena si kwamba hakuna la kufanya. Kuchemsha hakusaidii, maana maji hupungua na floraidi hubaki. Lakini maji ya mvua hayajapita katika mawe ya mlima. Yakikingwa kutoka juu ya bati safi, yakahifadhiwa vema na kuchemshwa kwa ajili ya vijidudu, yafaa kwa kunywa na kupikia. Tena huko Ngurdoto, chini ya mlima, serikali imeweka kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi katika maji. Njia mojawapo iliyotumika huko ni mkaa wa mifupa ya ng’ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri, huvunjwa punjepunje, na maji yakipitishwa humo floraidi hushikwa na kubaki. Mimi mjukuu wa mfinyanzi nilifurahi kusikia kwamba huko nako dawa yapikwa kwa moto.

Je, kumpa mtoto maji ya mvua ni kubishana na Mungu? Sioni hivyo. Maji na bati na mifupa ya ng’ombe ni katika yale mambo ambayo hata Luther alisema tunayo hiari juu yake. Anayesema, “Ndivyo Mungu alivyomfinyanga,” hali mtoto hajamaliza kufinyangwa, amemsemea Mungu neno ambalo Mungu hajalisema. Pengine mikono ya mfinyanzi kwa mtoto yule ni mikono ya mama yake anapochagua ndoo ya kuchotea.

Haya nilimwambia mwenzangu, si kwa kumfundisha, maana yeye ananishinda katika masomo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. “Na mimi je? Mimi nimekwisha kuwa chungu. Mstari wako wanifaa nini?” Nilikaa kimya kwa kitambo. Mwisho nilimweleza habari ya vigae, jinsi bibi anavyovisaga na kuvitia katika udongo mpya ili chungu kinachofuata kisipasuke motoni. Hakujibu kitu usiku ule. Lakini Jumapili iliyofuata aliomba karatasi mbili kutoka daftari langu, akaandika barua ndefu kwa baba yake juu ya pipa la maji ya mvua. Katika barua hiyo, ambayo alinisomea kabla ya kuifunga, hakutaja Yeremia wala Paulo. Alitaja meno yake mwenyewe, na akaandika kwamba hataki mdogo wake akue akicheka huku amefunika mdomo kwa mkono.

Kwa kifupi, wasomaji wapenzi, mfano wa mfinyanzi watufundisha mambo matatu. Kwanza, Mungu ndiye Muumba, na haki ya kutufinyanga ni yake, si ya mwanadamu mwingine. Pili, mfinyanzi hautupi udongo wake upesi, kwa maana aliuchimba mbali. Tatu, kuna wakati wa udongo laini na kuna wakati wa moto, na mwenye akili huutumia ule wa kwanza kabla haujafika wa pili. Sisi wa Kidato cha Nne, ambao mtihani wa taifa watungoja, tulikumbuke hilo la tatu. Nanyi wazazi wetu mnaokaa chini ya mlima, mnapoisoma makala hii, tafadhalini yatazameni maji wanayokunywa watoto wenu.

— Mwanafunzi, Kidato cha Nne